Gari Lililokauka Siku ya Mvua

Mimi ni mtu wa kuuliza, na nimeshatukanwa sana kwa sababu hiyo. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Khainza, mdomo wako utatupeleka kortini." Kortini hatukwenda, yeye akatangulia mbele ya haki, na mimi naendelea kuuliza. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona Nasuru wa mtaa wa Nalufenya amechuchumaa kando ya gari lake la Pijo, anachokoa chini ya mlango kwa unyoya wa kuku, nilisimama palepale na kapu langu la samaki kichwani. Nikamuuliza kama gari lake lina masikio.

Hakucheka. Alivuta unyoya, akauangalia, ukatoka na jani lililooza. "Lina vitundu, dada," akasema. "Kila mlango una vitundu vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba, maji yanakaa humo ndani yanaula mlango polepole, nawe huna habari. Waya unakwaruza rangi. Unyoya ndio unaofaa."

Ulikuwa mwaka wa themanini, na vita vya kubadilisha serikali vilikuwa vimepita mwaka mmoja tu nyuma. Pale Jinja maduka yale mazuri yaliyojengwa na Wahindi yalikuwa na milango na majina juu, ndani rafu tupu. Sabuni hakuna, chumvi kwa kuviziana. Sasa mtu wa kutafuta spea ya gari katika mji kama huo, ni heri atafute meno ya kuku. Lakini Pijo la Nasuru lilikuwa linakwenda, na hilo ndilo lililonishangaza. Wenye magari makubwa walikuwa wanatembea kwa miguu, na Msoga huyu mwembamba, mwenye suruali yenye viraka na kofia ya kushona kwa mkono, alikuwa anapeleka watu Mbale na kurudi mara mbili kwa wiki. Wakati wa vita aliling'oa magurudumu, akalifunika nyasi, akafugia kuku ndani. Wanajeshi walipita wakaona banda la kuku, wakachukua kuku.

Basi kila nikitoka Masese kununua samaki wa kukausha, napitia kwake. Mvua za mwezi wa nane zilikuwa zimeanza, na mvua ndiyo iliyokuwa inamfanya Nasuru awe kama mama mwenye mtoto mwenye surua. Nilimkuta siku moja amefungua boneti, anakifuta kifuniko cheusi chenye pembe tano. Anakipulizia pumzi, kisha anajigombeza kwa kukipulizia, maana pumzi nayo ina maji.

"Hicho nacho nini?"

"Distributa. Hapa ndipo umeme unapogawanywa. Tone moja likiingia, gari zima linagoma, na wewe utalaumu injini bure."

Akakipaka nta ya mshumaa kwenye nyaya zake, akakivisha kipande cha tyubu ya baiskeli kama soksi. Kwenye betri alipaka samli. Samli! Mimi nikawaka. Nikamwambia watoto wa watu hawajaonja samli tangu Krismasi, yeye anailisha chuma. Akanijibu kwa upole uleule uliokuwa ukiniudhi, kwamba watoto wanaweza kula muhogo lakini betri haiwezi. Waipa zilikuwa zimekufa mota, kwa hiyo amefunga kamba mbili, moja inatokea dirisha la dereva, nyingine dirisha la abiria. Huyu anavuta, yule anavuta, kioo kinapanguswa. Na kabla ya safari anasugua kioo kwa jani bichi la tumbaku ili maji yateleze yasigande.

"Sasa wewe ni dereva au ni muuguzi?" nikamuuliza.

"Mvua haivunji gari, dada. Inatafuta tu pale ulipozembea."

Sasa nieleze habari za mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipakia ndani ya gari hilo. Geresom alikuwa askari magereza hapo Jinja, koplo, mwanamume wa miaka thelathini na saba, kifua kama mlango, mkanda unaong'aa. Wafungwa walimwogopa. Wakati wa vita risasi zilipiga ukuta aliouegemea, akasogea hatua moja akaendelea kuvuta sigara; hilo niliambiwa na watu watatu tofauti. Lakini alikuwa na siri moja ambayo mimi, dada yake mkubwa, nilikuwa naibeba naye kama mzigo wa kuni. Hakuwa ametahiriwa.

Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwetu Bugisu, mwanamume ambaye hajasimama mbele ya kisu bila kupepesa macho ni musinde tu, mvulana, hata awe na mvi kifuani. Kisu chetu hutoka mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, na kila kilipotoka Geresom alikuwa na neno. Mwaka wa sitini na mbili alikuwa Gulu, kazi mpya. Huko akampata Akello, na kwa kuwa watu wa Akello hawatahiri, mwanamke yule hakuona kasoro yoyote. Sitini na nne hakupewa likizo. Sitini na sita kulikuwa na fujo. Akaendelea hivyo hivyo, sababu juu ya sababu, mpaka sabini na nane ambapo vita vilimwokoa.

Halafu ikaja barua ya baba. Gaster, mtoto wa Geresom na Akello, aliyelelewa kwa baba yetu kule Busano juu ya Mbale, alikuwa amefika miaka kumi na saba na ameomba kisu mwenyewe. Baba aliandika, nami ndiye niliyemsomea Geresom kwa sauti:

"Gaster ataanza kucheza Jumatano, atakatwa Jumamosi. Lakini katika ukoo wetu mtoto hamtangulii baba yake kusimama uani. Uje kwa miguu yako, usimame kwanza wewe, kabla ya saa nane mchana, maana mtahiri ana nyumba nyingine za kwenda. Usipofika, mtoto atakaa chini na aibu yake mpaka themanini na mbili. Na wewe vijana watakufuata huko Jinja, wakukate mbele ya geti lenu, wafungwa wakitazama."

Geresom alikunja barua ile mara nne. "Nitakwenda," akasema.

Nilifurahi mpaka nikalia. Shangazi yetu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo kazi ya kumpaka kimera ilikuwa yangu. Kimera ni unga wa ulezi uliooteshwa. Ndio anaopakwa kichwani na usoni yule anayekwenda kusimama, na hausagwi na mkono mwingine ila wa yule anayempaka. Niliroweka ulezi, nikaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, halafu kazi ikawa kuukausha katika mvua ile. Niliuanika na kuuanua hata mara kumi kwa siku. Wingu likipita naruka kama nimeumwa na siafu. Nilipomaliza kuusaga, ulikuwa wa kujaa kibuyu kidogo tu, nikaumwaga katika kitambaa cheupe nikakifunga mafundo mawili.

Gari tukakubaliana na Nasuru, kwa samaki na kwa urafiki. Tena wiki hiyo yote Geresom alikuwa akitoka kazini anakwenda Nalufenya kumtazama Nasuru akiliandaa gari. Anauliza, na hii ni ya nini, na ile inafanya nini. Mimi nikajisifu moyoni, nikasema kumbe udadisi umo katika damu yetu. Siku moja nilimsikia akiuliza, "Na rejeta je?"

Rejeta ni lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini. Nasuru akampeleka, akamwonyesha mpaka koki ndogo ya shaba iliyoko chini kabisa, ya kufungulia maji machafu. "Gari likikosa maji humu, afande, halifiki popote. Lakini msimu huu sina wasiwasi nalo. Nani atakosa maji katika mvua?"

Mimi nilidhani wanaongea habari za magari.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tungeondoka Ijumaa, lakini Geresom alisema karatasi ya ruhusa imechelewa kusainiwa. Mvua ilikuwa imefungua mabomba yote. Nasuru mbele na kamba yake, Geresom pembeni na kamba yake, vuta nikuvute kama wanagombea ng'ombe. Mimi nyuma, kitambaa cha kimera mapajani, miguu juu ya bati la kopo la maziwa alilozibia sakafu.

Iganga tulisimamishwa na wanajeshi wa Tanzania, wale waliokuwa bado wapo nchini tangu vita. Kijana mmoja mwenye bunduki akainama dirishani akaniambia, "Shikamoo mama." Haki ya Mungu, nilidhani nimesikia vibaya! Miaka yote ile, Kiswahili kutoka kwa mwenye bunduki kilikuwa ni "toka", "lala chini", "leta". Huyu ananiamkia kama mtoto wa jirani. Akauliza nimebeba nini, nikamwambia unga. Unga wa nini? Wa kichwa cha mdogo wangu. Akamtazama Geresom na yale mabega yake, akanitazama mimi, akaona hapa pana mambo yasiyo ya jeshi. Akatutakia safari njema.

Kutoka hapo Nasuru alikata njia ya Tirinyi. Ni fupi, ila wakati huo ilikuwa ya udongo mtupu, na inapita mabondeni kwenye mafunjo. Alikuwa akikanyaga breki kidogo kidogo kila tukitoka kwenye dimbwi. Kabla sijauliza akasema, "Nazikausha." Tulipofika bonde la Mpologoma, gari lilizama mpaka tumboni. Nasuru akatoa kamba za katani, akaanza kuzizungushia magurudumu ya nyuma ili yapate meno. Mimi nikasimama kando nikijikinga kwa jani la mgomba. Geresom akasema atatoa matope upande wa mbele. Akavua koti, akalala chini ya gari katika lile tope, nami nikamwonea fahari. Nilimwona akijikunja ghafla, akauma mdomo, asitoe sauti. Nikamuuliza vipi, akasema amejigonga kwenye jiwe.

Tukasukuma, likatoka. Tulikwenda labda maili tatu. Kisha nikasikia harufu ya chuma kinachoungua, na moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti kama jikoni kwa mtu asiyejua kuwasha moto. Nasuru akazima injini palepale. Pijo likajisogeza kidogo, likasimama.

Ilikuwa saa nne u nusu. Mbele yetu njia nyekundu, pembeni mafunjo, hakuna nyumba wala mtu. Nasuru alifungua boneti, akainama, akalala chini, akakaa huko muda. Alipoinuka alipangusa mikono yake kidole kimoja kimoja.

"Rejeta haina hata tone," akasema.

Nilicheka, lakini kwa hasira. "Nasuru! Umechokoa milango kwa manyoya, umepaka samli, umevalisha nyaya soksi, tuko ndani ya mvua ya Nuhu, na gari linakufa kwa kiu?"

"Ndiyo, dada."

"Limetoboka?"

"Lina tundu." Akauangalia mtaro. "Maji si shida, mtaro umejaa. Shida ni kwamba tukimimina yatatoka. Tunataka kitu cha kuzibia. Wengine hutia unga. Ukichemka humo ndani unakuwa ugali, unajibana kwenye tundu." Alikuwa anaongea na mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa Geresom. "Na unga uko mmoja tu hapa."

Loo! Sijui nilisema nini na nini. Nilimwambia heri anitie mimi mwenyewe kwenye hiyo rejeta. Nilimwambia yeye ni Mwislamu, alikatwa angali mtoto mchanga hajui kulia ni nini, atajua wapi uzito wa unga huu? Nilimwambia nimeuanika kwa jasho, nimeulinda dhidi ya mvua, panya na majirani, na sasa ati niupikie gari ugali! Yeye amesimama tu, maji yanamtiririka puani. Geresom naye amesimama nyuma ya gari, mkono wa kulia mfukoni, anatazama mafunjo.

Pumzi ikaniishia. Ndipo nikamwona Gaster. Namaanisha nilimwona moyoni, mtoto ambaye amecheza siku tatu, miguu ina njuga, sauti imekauka kwa kuimba, amesimama uani anatazama njia. Saa nane inafika, mtahiri anafuta kisu chake anaondoka. Wenzake wanaingia utu uzima, yeye anarudi kuchunga mbuzi na wadogo zake miaka miwili mizima, kwa kosa ambalo si lake. Kama kimera hakipo, baba atakasirika, wazee watanifokea, labda watanitoza mbuzi. Lakini bila baba mtu, hakuna lolote litakalofanyika.

"Haya," nikasema. "Lete sufuria."

Nilikaa kwenye ukingo wa kiti cha nyuma, nikaweka kitambaa mapajani. Nikafungua fundo la kwanza. Nilikuwa nalia, sisemi uongo, na bado nilikuwa namtukana Nasuru kwa Kigisu kwa kuwa Kiswahili hakikunitosha. Nikashika fundo la pili.

"Dada, acha."

Geresom alikuwa amefika mbele yangu. Akatoa mkono mfukoni. Ngozi ya kiganja ilikuwa imewiva, imetoka malengelenge makubwa mpaka kwenye kifundo. Na katikati ya kiganja hicho palikuwa na ile koki ndogo ya shaba.

"Hakuna kilichotoboka," akasema. "Niliifungua pale tulipokwama. Maji yalikuwa yanachemka, yakaniangukia. Funga unga wako."

Nilimpiga. Sioni haya kusema. Nilimpiga kwa kilemba changu kilicholowa, kichwani, mabegani, koplo wa magereza, naye ameinamisha shingo kama anayenyolewa. Nasuru hakunizuia. Alipoona nimechoka, aliichukua koki ile mkononi mwa Geresom, akaisafisha kwa pindo la shati, akaenda mbele ya gari.

"Kwa nini?" nikauliza. "Nieleze. Wewe ulisimama mbele ya risasi!"

"Risasi haikwambii saa, dada," akasema. "Inakuja imekuja. Hii naijua saa yake tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Kila usiku wa mwaka wa kisu nasimama uani ndotoni, na kila usiku napepesa macho. Waache wacheke. Si wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio?"

"Na Gaster? Kwake kiende kicheko au kilio?"

Akaanza kuurudisha mkono mfukoni.

Basi nikamshika ule mkono ulioungua, nikamsogezea machoni mwake mwenyewe. "Hebu tazama. Maji ya injini yamekuchemsha hivi, uko chini ya gari, peke yako, hakuna anayekuona. Ulilia?"

"Hapana."

"Ulipepesa?"

Alikitazama kiganja chake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa barua yenye jina lake na mwandiko asioujua. "Sikumbuki," akasema.

"Mimi nilikuwa nakutazama. Uliuma mdomo tu. Nikakuuliza, ukanidanganya ni jiwe, sauti haikutetemeka. Sasa niambie, huyo anayepepesa macho ndotoni ni nani?"

Gari halikuweza kutiwa maji mara moja. Nasuru alisema ukimimina maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kinapasuka, na hapo hata shehe hana dua. Tukakaa kungoja. Niliufunga mkono wa Geresom kwa kitambaa kikavu, kisha nikamfuata Nasuru aliyekuwa anachuja maji ya mtaro kupitia kofia yake mwenyewe.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilipolala chini niliona tundu safi la mviringo. Kutu haitoboi mviringo. Na afande ameficha mkono tangu tutoke kwenye tope."

"Sasa mbona ukaniomba unga? Mbona usimwambie usoni?"

"Ningemwambia, angekana. Mtu akishakana mbele ya dada yake, harudi nyuma tena. Nilitaka aone mwenyewe kinachomwagika." Akainua kofia, matope yakabaki ndani. "Na kama angenyamaza mpaka mwisho, dada, nisingeumwaga. Ningechonga kijiti."

"Ungechonga kijiti!"

"Ndiyo."

"Muda wote ule ninalia, wewe una kijiti?"

"Sikuwa nacho. Ningekitafuta," akasema, na hiyo ndiyo siku niliyomwona Nasuru anacheka.

Tuliondoka pale saa tano na nusu. Geresom alivuta kamba ya waipa kwa mkono wa kushoto njia nzima. Mbale tuliipita bila kusimama, jabali la Wanale limejifunika mawingu juu ya mji. Kwenye mlima wa kwenda Busano Pijo likashindwa na utelezi, kamba za katani zimekatika zote. Nasuru alitia jiwe nyuma ya gurudumu. Tukashuka, tukapanda kwa miguu, tukisikia ngoma juu yetu. Nasuru naye alikuja nyuma na kofia yake yenye matope, hakuna aliyemwalika wala aliyemkataza.

Saa nane ilikuwa bado kidogo. Uani palikuwa pamejaa watu, na vijana sita wenye fimbo walikuwa wameshajipanga kwa safari ya Jinja. Walipomwona Geresom anaingia kwa miguu yake, walitazamana kama watu walionyang'anywa chakula mdomoni. Baba hakumsalimia. Alinyoosha kidole mahali pa kusimama.

Nikafungua kile kitambaa. Nilimpaka kimera kichwani, kwenye paji la uso, mashavuni, na vidole vyangu vilisikia jinsi taya lake lilivyokaza. Wakampa fimbo ya kushika mabegani, akaishika kwa mkono mzima na mkono uliofungwa kitambaa. Mimi, mtu wa kuuliza, nilikuwa nimejiapiza kwamba nitayatazama macho yake na si kitu kingine. Niliyatazama. Kisu kilikuja, kikafanya kazi yake, filimbi ikapulizwa, watu wakapiga kelele. Macho yale hayakupepesa.

Wakamketisha kwenye kigoda na kumfunga shuka. Nilikaa nyuma yake nimemshika mgongo. Ndipo akaletwa Gaster, zamu yake, uso mweupe kwa unga, njuga miguuni. Wengine walikuwa wanashangilia wasisikie, lakini mimi nilisikia. Njuga zilikuwa zinalia ingawa hachezi. Aliinama kwa baba yake, akanong'ona, "Baba, mbona mmechelewa? Walisema umekimbia."

Nikadakia upesi. "Mvua, mwanangu. Gari liliharibika."

"Si mvua," Geresom akasema kwa sauti ya chini. "Niliogopa. Nilimwaga maji ya gari makusudi ili tusifike."

Gaster alimtazama. Akatazama ule mkono uliofungwa, akatazama shuka lenye damu. "Wewe, baba?"

"Mimi. Leo hii, asubuhi."

Mtoto alishusha pumzi ndefu, nadhani alikuwa ameibana tangu Jumatano. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

Akanyanyuka, akaenda kusimama palepale miguu ya baba yake ilipokuwa imeacha alama kwenye tope. Nilisikia njuga zimenyamaza. Watu wote walikuwa wamemgeukia yeye, na mimi nilivua kilemba changu nikamfunika Geresom uso, kwa sababu sasa ndipo alipokuwa analia.